Plagi bora ilivyoshindwa na plagi huru

Angalia tarakilishi yako: tundu la USB lipo, sivyo? Na la FireWire je? Wengi hata hawajawahi kuliona.

Mwaka 1999, FireWire ilikuwa na kasi ya megabiti 400 kwa sekunde huku USB ikifika 12 tu. Lakini ilikuwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini. Apple ilitaka dola 1 kwa kila tundu. Watengenezaji wakalalamika, na mwaka huo huo wenye hataza wakashusha ada hadi senti 25 kwa kila kifaa. Maji yalikuwa yameshamwagika. Intel na wenzake hawakutoza ada ya hataza kwa USB, na mwaka 2000 ikaja USB 2.0 yenye megabiti 480. Ada haikuwa sababu pekee, kwani vipuri vya FireWire pia vilikuwa ghali, lakini iliwatia watu hofu.

Sisemi hataza ni mbaya. Xerox ilipata ya Ethernet mwaka 1977, kisha mwaka 1980 ikashirikiana na DEC na Intel kutangaza kanuni zake hadharani. Leo Ethernet imejaa maofisini.

Kwa maoni yangu, thamani ya kiunganishi ni wingi wa wanaokubali kuunganishwa nacho. Ukitoza kiingilio, wageni watapitia kwa jirani. Sisi waunda programu tunaoficha namna mifumo yetu inavyozungumza na mingine, tunajifungia wenyewe nje. Tuuze huduma, mlango tuuache wazi.

Wewe waonaje?