Kuchinja Mbuzi Si Kumjua Panya

Mwandishi mmoja anadai kuwa kuwafundisha watafiti wa dawa kufanya kazi na wanyama wa maabara ni anasa ya Ulaya: kijana wa kijijini aliyezoea kuchinja kuku na mbuzi anajua tayari kushika panya.

Hajui. Kuchinja humaliza mnyama. Jaribio humtaka hai na mtulivu. Panya aliyebanwa ovyo huogopa, na homoni za hofu hupandisha sukari ya damu. Mpe basi majani ya kutibu kisukari, kisha mpime: umepima hofu, ukaandika dawa. Panya wamekufa bure, na mgonjwa atameza uongo huo.

Anasa? Wanasayansi Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kuhusu wanyama wa majaribio: tafuta mbadala, punguza idadi, punguza mateso. Hakuna hapo linalodai jumba la marumaru.

Tena anasema haya Kisangani! Kambi ya Lindi, karibu na mji huu, iliwafungia mamia ya sokwe miaka ya 1950 kwa majaribio ya chanjo ya polio. Wakongo walilisha na kusafisha. Wabelgiji na Wamarekani wakaandika ripoti.

Ili hilo lisijirudie, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani (UNIKIS) afundishwe kukadiria dozi, kutia usingizi na kutambua maumivu kabla ya jaribio lake la kwanza.