Lenzi Si Pambo la Kabati

Jamani, leo naacha habari za programu kidogo, maana hawa wakusanyaji wamenichosha. Mmoja kutoka Nairobi anataka kununua Jupiter-8 ya marehemu mjomba, lenzi ya Kisovieti ya milimita 50, eti aipange kabatini. Nimekataa. Mjomba alipiga nayo harusi hapa Mukumu, kanisani, bila flashi, kwa kamera ya Zorki: unakutanisha taswira mbili ziwe moja, ndipo ubonyeze. Uso unatoka mkali, nyuma panalainika.

Wengine wananicheka: simu unayo, chuma kikuukuu cha nini? Sikilizeni. Lenzi hii hufungwa kama skrubu, milimita 39, kipimo kile kile cha Leica za miaka ya 1930. Leo naivalisha kamera ya kidijitali kwa adapta ndogo tu, na inapiga. Programu niliyoandika miaka mitano iliyopita haifunguki! Nani kati yetu ni fundi?

Nawe mkusanyaji, mvua za Kakamega unazijua? Lenzi ikifungiwa gizani penye unyevu huota kuvu kwenye vioo. Utabaki na bei bila lenzi. Kitu hiki hutunzwa kwa kutumiwa.

Jumapili naenda nayo kanisani. Haiuzwi.