Mfunze Mbwa Wako kwa Subira

Juma hili nataka kuwaeleza habari za mbwa wetu, Tomi. Si kisa cha kujisifu, maana kosa lilikuwa langu mwenyewe, na aliyelipa ni binti yangu mwenye umri wa miaka 6 wakati ule.

Tomi tulipewa angali mdogo, ili atulindie nyumba na kuku. Nilimfunga mnyororo chini ya mwembe tangu asubuhi hata jioni, kwa kuwa nilisikia watu wakisema kwamba mbwa asiyezoea watu ndiye mlinzi hodari. Akikojoa mlangoni, fimbo. Akifukuza kuku, fimbo. Akiitwa akachelewa kuja, fimbo ilimngojea atakapofika. Nami nilijiona namfunza adabu.

Siku moja binti yangu alipita karibu na sahani ya Tomi, naye akanguruma. Nikashika bakora, nikamchapa barabara. Baada ya siku mbili akanguruma tena, nikamchapa tena. Tangu hapo hakunguruma kamwe. Nikamwambia mama watoto, "Unaona? Sasa ameshika adabu." Haukupita mwezi, binti yangu akainama kuokota mpira karibu na sahani ile, na Tomi, bila sauti wala onyo, akamwuma mkono.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka muda wa robo saa, tukamkimbiza mtoto hospitali, akachomwa sindano za kinga. Ashukuriwe Mungu, alipona, ila kovu lingalipo. Jioni majirani wakakusanyika uani petu. Wengi walisema mbwa auawe usiku uleule. Mzee mmoja, aliyefuga mbwa wa kuwinda kwa miaka mingi, akaniuliza, "Mwanangu, mbwa huyu hakupata kukuonya?"

Nikamjibu, "Alikuwa akinguruma, mzee wangu, lakini nilimchapa hata akaacha."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi wewe ndiwe uliyemziba kinywa. Mbwa akinguruma anasema, 'Naogopa, niache.' Umemkataza kusema, lakini hofu yake hukumwondolea."

Maneno hayo yalinichoma. Leo mimi ni karani wa parokia, lakini nilisomea ualimu chuoni, na huko tulifundishwa kwamba mtoto apigwaye kila anapokosa hujifunza kuficha kosa, hajifunzi kutenda lililo jema. Niliyajua hayo kwa watoto wa watu, nikayasahau uani kwangu.

Tomi alikuwa amekwisha kuchanjwa. Hata hivyo bwana mifugo aliagiza afungiwe na kuangaliwa siku 10, kusudi tuhakikishe kwamba hana kichaa. Katika siku hizo niliomba ushauri kwa bwana mifugo na kwa yule mzee, nikasoma na vitabu. Siku zilipotimia, Tomi alikuwa mzima. Mama watoto akasema, "Haya, mfunze. Lakini akimgusa mtoto tena, ataondoka hapa." Nikakubali, maana alisema kweli.

Sasa nawaeleza niliyojifunza. Jambo la kwanza ni hili: mbwa haelewi hotuba zetu. Yeye hutazama lipi hufuata lipi. Mtaalamu Mrusi Ivan Pavlov, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya namna chakula kinavyosagwa tumboni, aliona ya kuwa mbwa wake walitokwa na mate kabla ya kuonja chakula, kwa kusikia tu ishara waliyozoea kuisikia kabla ya kulishwa. Mbwa wako naye ndivyo alivyo. Mkono wako ukifuatwa na fimbo kila mara, mkono wenyewe huwa adui. Ukifuatwa na kipande cha dagaa, mkono huwa rafiki.

Jambo la pili: tuzo lazima itolewe papo hapo. Mbwa akitenda vema, mpe kipande chake mara moja, kabla hajageukia jambo lingine. Na kumwadhibu baadaye hakuna faida yo yote. Ukirudi mchana ukakuta kiatu kilichotafunwa asubuhi, ukampiga, yeye hafikirii kiatu. Anajua tu kwamba umerudi na kipigo kimekuja. Ule uso wa kuinama ambao sisi twauita majuto ni hofu tu.

Labda yuko atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na mbwa wao wa kulala vitini. Sivyo, ndugu. Tazama Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi. Hawafunzwi kwa fimbo. Panya akinusa sawasawa husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula kama ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la Uingereza la PDSA. Kama panya hufunzwa kwa ndizi hata akaokoa maisha ya watu, mbwa atashindwaje?

Basi nilianza hivi. Nilikata dagaa vipande vidogo kama punje ya mahindi. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa Tomi, nikaita kwa sauti ya upole, "Tomi, njoo!" Siku ya kwanza hakuja, alilala chini akitetemeka, maana neno "njoo" kwake lilikuwa neno la kipigo. Sikumvuta. Nilitupa kipande karibu naye, nikaondoka zangu. Siku ya nne alisogea hatua moja, akapata kipande na sifa. Juma la tatu alinijia mbio kutoka upande wa pili wa uwanja, nami, mtu mzima, nikaona machozi yananilengalenga.

Masomo yawe mafupi: dakika 5 zatosha, mara mbili au tatu kwa siku, kabla hajashiba. Nyumba nzima itumie neno moja. Baba akisema "kaa", mama akisema "keti", na watoto wakisema "tulia", mbwa atamsikiliza nani? Wala usimwite mbwa kwa wema kisha ukamwadhibu, kwa kuwa siku ya pili hatakuja. Akikwisha kulifahamu jambo vizuri, punguza chakula kidogo kidogo, mpe mara moja moja, lakini sifa usiziache.

Habari ya sahani ilitaka uangalifu zaidi. Sikumnyang'anya Tomi chakula ili kumwonyesha kwamba mimi ndimi mkubwa. Hilo huzidisha hofu. Nilipita mbali naye akila, nikatupa kipande kizuri kuliko alichokuwa nacho, nikaendelea na safari yangu. Kila siku chache nilipita karibu kidogo. Nilipoona mwili wake umekakamaa, nilirudi nyuma. Baada ya miezi miwili alikuwa akinyanyua kichwa na kutikisa mkia anionapo. Kazi hii niliifanya mimi, sikumpa mtoto. Naye binti yangu alifundishwa sheria tatu: usimguse mbwa anayekula, usimguse mbwa aliyelala, usimkaribie mbwa mwenye watoto.

Mnyororo nao niliuondoa. Tulizungusha ua wa miti, akatembea humo kwa uhuru, na jioni nikatoka naye kwa kamba. Mbwa afungwaye mchana kutwa huwa na hasira, na hasira si ulinzi. Leo Tomi hubweka mgeni akija usiku kama alivyobweka zamani, ila nikimwita hunyamaza na kuja.

Yafaa pia tujifunze kusoma mwili wa mbwa. Mkia unaotikisika si furaha siku zote. Ukiwa umesimama wima na mgumu, jihadhari. Mbwa anayelamba midomo wala hakuna chakula, anayepiga miayo wala hana usingizi, anayegeuza uso huku akikutazama kwa pembe ya jicho, anakuomba kwa adabu umpe nafasi. Asiposikilizwa, hunguruma. Asiposikilizwa tena, huuma.

Na wewe unayetaka kuchukua mtoto wa mbwa, usipoteze wakati. Wataalamu wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu walichotoa mwaka 1965 baada ya uchunguzi wa miaka mingi, walionyesha kwamba juma la 3 hadi la 12 tangu kuzaliwa ndio wakati mbwa azoeapo watu kwa urahisi. Samaki mkunje angali mbichi. Katika majuma hayo mzoeshe watoto, wazee, baiskeli, na wageni, kila jambo kwa upole na kipande cha chakula.

Wala usisahau chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huo zikionekana kwa mtu, karibu hapana anayepona. Mpeleke mbwa wako achanjwe kama bwana mifugo anavyoagiza. Na mtu akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ileile, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Nisije nikawadanganya: Tomi hakugeuka malaika. Mpaka leo hatumwachi peke yake na watoto wageni, na wakati wa kula hutengwa. Subira haifuti yaliyopita, huzuia yasirudi.

Lakini juma lililopita jambo moja lilitokea. Tomi alikuwa amechomwa na mwiba mguuni, amelala chini ya mwembe. Binti yangu akamwendea ampapase. Tomi akanguruma, kwa sauti ya chini. Zamani ningalikimbilia bakora. Safari hii mtoto alisimama, akarudi nyuma hatua mbili, akaniita, "Baba, Tomi anasema anaumwa."

Nikaenda na kipande cha dagaa, nikakaa chini, nikangoja. Baada ya muda akanipa mguu wake, nikautoa mwiba. Ndipo nikajua kwamba mbwa wetu amerudishiwa sauti yake, na nyumbani mwetu yuko mtu wa kumsikia.

Tuonane juma lijalo.