Mahindi ghalani yasiwanyime wakulima usingizi

Mkulima wa Ufipa anaujua usiku wa bei mbaya. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka na magunia yakabaki majumbani. Zuio liliondolewa baadaye, lakini hofu hurudi kila msimu: dumuzi, deni la mbolea, ada za watoto.

Hasara ya kukesha si ndogo. Aliyechoka kwa hofu ndiye humwachia mlanguzi wa kwanza magunia yake asubuhi, tena kwa lumbesa.

Usingizi haulazimishwi. Anayehesabu saa zilizobaki kabla jogoo hajawika huzidi kuwa macho. Pombe nayo humlaza mtu mapema, kisha humwamsha usiku wa manane.

Hesabu zifanywe jioni, kwenye daftari: magunia mangapi, deni kiasi gani, nani aonwe kesho. Usingizi ukigoma, ni heri kuinuka, kukaa kimya, na kurudi kitandani macho yakilemea. Kuamka kuwe saa ile ile kila siku. Tatizo likiendelea wiki kadhaa, zahanati ipo. Kukosa usingizi ni ugonjwa kama malaria, si aibu.