Mcheza Kwao Hutunzwa: Kichezeo cha Mkononi na Lugha ya Mchezaji

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii huwasuta wavivu wanaougeuza ubovu wa zana kuwa kisingizio cha kutolima. Hata hivyo, zipo zana ambazo mwenye busara hana budi kuzichagua kwa makini kabla ya kuzitia mkononi. Mojawapo ni kile kifaa kidogo cha michezo ya video ambacho mchezaji hukishika kwa mikono miwili, skrini ikiwa katikati na vitufe vikiwa kando. Mzazi anaponuia kumnunulia mwanawe kifaa hiki, au mwanafunzi wa chuo anapodunduliza posho yake ili ajinunulie, maswali mawili hutangulia: Kina nguvu kiasi gani? Kinauzwa pesa ngapi? Swali la tatu aghalabu haliulizwi: Kitazungumza naye kwa lugha gani? Makala haya yanashikilia kwamba kichezeo bora cha mkononi si kile chenye nguvu nyingi bali kile kinachooana na maisha ya mchezaji, na kwamba lugha ni sehemu ya maisha hayo.

Historia ya vichezeo hivi inathibitisha sehemu ya kwanza ya kauli hiyo. Mwaka wa 1989 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa kichezeo kilichoitwa Game Boy. Kwa mtazamo wa juujuu, kilikuwa dhaifu. Skrini yake haikuwa na rangi wala mwanga wa ndani. Mwaka uo huo kampuni ya Atari ilitoa Lynx, chenye skrini ya rangi na mwanga, na mwaka wa 1990 kampuni ya Sega ikafuata na Game Gear, nacho cha rangi. Aliyelinganisha vitatu hivi dukani angedhani kwamba Game Boy imeshindwa kabla ya kuanza. Lakini Lynx na Game Gear zilimeza betri 6 kwa saa zisizozidi 5 hivi, ilhali Game Boy ilidumu zaidi ya saa 10 kwa betri 4. Isitoshe, nchini Marekani Lynx iliuzwa takriban dola 180, nayo Game Boy takriban dola 90. Hatimaye Game Boy pamoja na mrithi wake mwenye rangi, Game Boy Color, vilinunuliwa zaidi ya mara milioni 118, huku wapinzani wake wakisahaulika. Mhandisi Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi hiyo, aliamini kwamba teknolojia iliyokwisha kukomaa na kushuka bei yaweza kuzaa jambo jipya iwapo itatumiwa kwa ubunifu. Kwa maneno mengine, aliyatazama maisha ya mchezaji kabla ya kuitazama mashine.

Funzo hilo halijachakaa. Nintendo Switch ya kwanza, iliyotolewa mwaka wa 2017, ilikadiriwa na watengenezaji wake kudumu kati ya saa 2 na nusu na saa 6 na nusu kwa chaji moja. Steam Deck ya mwaka wa 2022, iliyo na nguvu zaidi, ilikadiriwa kudumu kati ya saa 2 na 8, kutegemea uzito wa mchezo. Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Mombasa kwa basi akicheza mchezo mzito huenda akabaki na kioo cheusi kabla ya kufika Mtito Andei. Anayeishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa naye hulazimika kufikiria saa za betri kabla ya kufikiria uzuri wa picha. Takwimu zinazopambwa kwenye matangazo hupimwa katika mazingira ambayo huenda si ya mnunuzi. Afadhali kichezeo chenye picha za wastani kinachowaka jioni kuliko chenye picha za kuvutia kilichozimika tangu adhuhuri.

Suala la bei nalo lina undani wake. Bei ya kifaa ni kama arubuni. Deni lenyewe huja baadaye. Switch ilipoingia sokoni iliuzwa dola 300 nchini Marekani, na michezo yake mikubwa iliuzwa dola 60 kila mmoja. Aliyenunua michezo mitano alikuwa amekinunua kifaa mara ya pili. Ndiyo maana inafaa kujua kama mchezo unauzwa katika kadi au unapakuliwa kupitia mtandaoni. Kadi yaweza kuazimwa, kuuzwa au kurithishwa mdogo wa mtu. Mchezo uliopakuliwa hufungamana na akaunti ya aliyeununua, na duka lake lina mwisho. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilisitisha mauzo katika duka la mtandaoni la kichezeo chake cha 3DS. Waliokuwa wamenunua waliruhusiwa kuendelea kupakua mali yao, lakini mchezo uliopatikana katika duka hilo pekee haukuweza kununuliwa tena. Hata kadi zenyewe sasa zinahitaji kuchunguzwa. Baadhi ya kadi za Switch 2, iliyotolewa Juni 2025, hazina mchezo ndani yake bali ni ufunguo tu wa kuupakua. Mnunuzi asiyesoma maandishi ya jalada atauziwa mbuzi kwenye gunia.

Baada ya kununua huja kuishi nacho, na hapo ndipo tabia ya kifaa hujulikana. Vijiti vya kuelekezea huchakaa, na mhusika huanza kutembea peke yake pasipo kuguswa. Katika Switch ya kawaida mikono yenye vijiti hivyo huchomolewa ikabadilishwa. Katika Switch Lite, iliyo nyepesi na ya bei ya chini, imeshikamana na kiwiliwili, hivyo fundi hulazimika kukifungua kifaa chenyewe. Kadhalika kuna suala la zamu. Kifaa kimoja katika nyumba yenye watoto watatu ni shauri la kila jioni, na mzazi asiyeweka utaratibu tangu siku ya kwanza atakuwa hakimu wa kudumu. Hata hivyo, zamu hizo zina baraka zake. Mmoja anapocheza, wawili huinama juu ya mabega yake wakimshauri, wakimkosoa na wakimcheka. Kichezeo kilichoundiwa mtu mmoja hugeuka kuwa baraza. Na penye baraza pana lugha.

Ni lugha gani, basi? Tega sikio kwenye baraza hilo. Mtoto atasema kwamba amepita levo, kwamba amebaki na laifu moja. Sarufi ni ya Kiswahili: viambishi vya nafsi na njeo vimekaa mahali pake. Nomino ndizo zimehama. Mwanaisimu hatashangaa, kwani kila lugha hukopa, na kukopa si aibu. Lakini linganisha baraza hilo na baraza la bao. Mchezaji wa bao hunamua, hutakata, huingia mtaji. Huilinda nyumba yake na kuvichunga kichwa na kimbi. Istilahi hizo zimekamilika, hazikukopwa kwa ajili ya mchezo huo, na zimedumu kwa sababu mchezo ulichezwa ndani ya lugha yenyewe. Kwa hiyo, Kiswahili si lugha isiyojua kucheza. Kimefungiwa nje ya uwanja mpya tu. Miongoni mwa lugha ambazo mtumiaji wa Switch au Switch 2 anaweza kuzichagua katika mipangilio ya kifaa, zimo Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kihispania, Kikorea, Kiholanzi, Kireno, Kirusi na Kichina. Kiswahili hakimo.

Wapo watakaodai kwamba michezo haihitaji lugha. Watautaja Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka wa 1984 na kusambaa duniani pamoja na Game Boy. Kweli, matofali yanayoanguka hayasemi neno. Lakini huo ni upande mmoja wa sarafu. Pokémon, uliotolewa kwa Game Boy nchini Japani mwaka wa 1996, hauchezeki kwa urahisi pasipo kusoma: wahusika hutoa vidokezo, na njia hufunguka kwa aliyeelewa alichoambiwa. Wengine watasema kwamba ni heri mtoto apate Kiingereza humo, maadam kitamfaa shuleni. Hoja hiyo, ikitazamwa vyema, inawageukia wenyewe. Ikiwa mtoto hujifunza mamia ya maneno kwa hiari, bila kiboko wala mtihani, kwa sababu tu anataka kujua nyuma ya mlango kuna nini, basi kichezeo ni mwalimu hodari. Je, ni haki Kiswahili kinyimwe mwalimu huyo, kisha kiletwe darasani siku ya pili kikiwa na ngeli na insha pekee? Mtoto atahitimisha mwenyewe kwamba lugha moja ni ya raha na nyingine ni ya adhabu.

Wanaokipenda Kiswahili wamezoea kujibu kwa fahari ya idadi. Hutaja mamilioni ya wasemaji, na hutaja kwamba mwaka wa 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Fahari hiyo ni halali, lakini haifungui milango ya viwanda. Kichina kina wasemaji wazawa wengi kuliko lugha yoyote kati ya hizo za Ulaya, lakini hakikuingizwa katika michezo mikuu ya Pokémon hadi mwaka wa 2016, miaka 20 baada ya mchezo wa kwanza. Kampuni hufuata wanunuzi wanaodai, hazifuati takwimu za wasemaji walionyamaza. Anayesubiri kukumbukwa na Tokyo au Seattle kwa sababu tu lugha yake ni tamu atasubiri sana.

Lipo linaloweza kufanywa na walio karibu. Mwaka wa 2004 mradi ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Hapakuwa na haja ya kusubiri, kwa kuwa programu hizo zilikuwa huria: sheria yake iliruhusu yeyote kuzifanyia kazi. Vichezeo navyo vinatofautiana kwa uwazi wao. Steam Deck, mathalan, huendeshwa na mfumo uliojengwa juu ya Linux, na mwenye kifaa anaweza kuweka humo michezo huria ambayo maandishi yake yako wazi kwa mfasiri. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili anayechagua kichezeo ana kigezo kimoja ambacho huenda mnunuzi mwingine hana: Je, kifaa hiki kitaniruhusu kutia lugha yangu ndani?

Kazi hiyo ni ya kiufundi kuliko inavyodhaniwa. Skrini ya Game Boy, kwa herufi za kawaida yake, ilitosha herufi 20 katika mstari mmoja. Swali "Je, ungependa kuendelea?" lina herufi, nafasi na alama 24, hivyo lingekatika ukingoni. "Endelea?" lingekaa kwa raha. Mfasiri wa mchezo anapambana na ufinyu wa namna hii katika kila sentensi, na lugha inayorundika viambishi katika kitenzi kimoja humdai umahiri wa pekee. Hapa ndipo mjadala wa miaka mingi kati ya tarakilishi na kompyuta unapofaa kukumbukwa. Wataalamu waliendelea kubishana huku watumiaji wakiwa wamekwisha kuchagua. Neno la mchezo litashika tu iwapo ni fupi, li wazi na limemfikia mchezaji akiwa angali anacheza. Nayo maneno yapo. Badala ya levo kuna hatua au ngazi. Badala ya laifu kuna roho, na anayenusurika kila mara tayari husemwa ana roho ya paka. "Anza", "hifadhi", "rudi" na "zamu yako" hayahitaji kamati.

Semina za istilahi zina nafasi yake, lakini mchezo mmoja mdogo uliotafsiriwa kikamilifu, ukachezwa na watoto wa mtaa mmoja, ungefundisha zaidi ya orodha ndefu iliyochapishwa na kuhifadhiwa kabatini. Idara ya Kiswahili inayokaa jengo moja na idara ya sayansi ya tarakilishi, au hata jengo la jirani, haina udhuru wa kutobisha hodi.

Mnunuzi, basi, na aulize kuhusu betri, kuhusu kadi, kuhusu fundi na kuhusu zamu za watoto. Hayo ataweza kujibiwa na muuzaji. Swali la lugha muuzaji hawezi kulijibu, wala si wajibu wake. Linawangoja wasomi wa Kiswahili, ambao wengi wao nao walikesha wakiwa wanafunzi wakimkimbiza nyoka katika simu ndogo za Nokia. Wahenga walisema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mtoto anayecheza leo kwa kichezeo cha mkononi anacheza ugenini akiwa amekaa sebuleni kwao, na watakaomjengea uwanja nyumbani ni wale wanaoijua lugha ya nyumba hiyo.