Kinaya si Kusema Kinyume

Yako maelezo yanayokaririwa katika madarasa mengi ya Kiswahili hapa Kampala: kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia. Mwanafunzi huyaandika katika mtihani, hupewa alama zake, na akifunguliwa kitabu hajui kinaya kimekaa wapi. Sisi twayapinga maelezo hayo. Mwongo naye husema kinyume cha anachokijua, wala hakuna amwitaye bingwa wa kinaya. Mwongo ataka asigunduliwe. Mwenye kinaya ataka agunduliwe, tena kazi yake huharibika asipogunduliwa.

Kosa lililo baya zaidi ni kuita kila dhihaka kinaya. Tuuchukue Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, uliotoka kwa Kiingereza mwaka 1966 na ambao Paul Sozigwa aliufasiri kwa Kiswahili. Lawino amsimangapo Ocol kwa kuwaiga Wazungu, asema alitakalo waziwazi. Hiyo ni kejeli, tena kali. Kinaya kiko penginepo. Akiisha kumchora Clementine, mke mwenza wake, kwa maneno ya kutia kinyaa, huwasihi jamaa zake wasidhani kuwa anamtukana. Na punde si punde akubali kwamba wivu kidogo umo. Hapo msomaji ajua jambo ambalo Lawino hataki kulijua sawasawa. Juu yake yuko Okot mwenyewe, aliyesoma Bristol, Aberystwyth na Oxford, akimpa mwanamke asiyesoma ulimi wa kuwashtaki wasomi. Waliompigia makofi kwa nguvu ni wasomi, yaani washtakiwa.

Wapo wenzetu wasemao kwamba kinaya kingoje. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, wanafunzi ni wageni wa lugha. Wafundishwe ngeli kwanza. Hoja hii ina sura ya busara, lakini yausahau mji tulio ndani yake. Katika utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, kulikuwa na idara pale Nakasero iliyoitwa ya Utafiti wa Dola, na watu walioingizwa humo hawakutafitiwa kwa kalamu na karatasi. Naguru kulikuwa na kikosi kilichoitwa cha Usalama wa Umma, nao umma ulikiogopa kama kifo. Majina hayo hayakuwa kinaya. Yalikuwa tafsida, yaliyotungwa ili kuficha. Lakini jina lile lile likitamkwa na raia mbele ya rafiki amwaminiye, polepole, kwa kulivuta kidogo neno "usalama", hugeuka kinaya papo hapo, kwa kuwa sasa lafichua. Herufi hazikubadilika hata moja. Mtoto aliyelelewa na wazee waliozungumza hivyo haji darasani mikono mitupu.

Na Kiswahili chenyewe? Amin ndiye aliyekitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, askari wakakitumia kuwatisha raia, hata wengi wakakichukia. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania lililomng'oa liliingia Kampala likisema Kiswahili hicho hicho. Mwalimu atakaye mfano wa kinaya cha matukio hana haja ya kumfuata Sophocles hadi Ugiriki.

Kama ni lazima tuvuke bahari, basi iko tafsiri ya Julius Nyerere ya Julius Caesar, iliyotoka kwanza mwaka 1963. Antony, juu ya maiti ya rafiki yake, amsifu Brutus kwa heshima yake, arudia, arudia tena. Sifa ni ile ile. Wanaobadilika ni wasikilizaji. Watunga mitihani wetu wangeuliza: ni katika marudio ya ngapi umati ulifahamu, na ni nini kilichosemwa katikati? Badala yake bado twaona swali la "Taja mifano miwili ya kinaya", alama nne.