Mpaka Usiwe Kichaka cha Mtu Yeyote

Wadau, tukubaliane jambo moja: sehemu kubwa ya sheria za Marekani tunazozijua hapa chuoni tumezipata kwenye muvi. Gari linakimbizwa, ving'ora vinalia, dereva anakanyaga mafuta mpaka anapita kibao cha kuingia jimbo jingine, na polisi aliyekuwa nyuma yake anafunga breki na kupiga usukani kwa hasira. Mchezo umeisha. Kaa kwenye vimbweta jioni, hutakosa mtu wa kuapa kwamba kule ukivuka jimbo umepona.

Si kweli, na haijawa kweli kwa muda mrefu. Ila ukichimba kwa nini si kweli, unakuta somo ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunalihitaji leo kuliko hata Wamarekani wenyewe. Hoja yangu ni hii: mpaka usimfiche anayekimbia, lakini vilevile usimfiche anayekimbiza. Wazee walishasema sheria ni msumeno. Tatizo letu ni kwamba tunapenda ukate upande mmoja tu.

Tuanze na anayekimbia. Kwanza, kule kumkimbia polisi ni kosa linalojitegemea. California, kwa mfano, ina kifungu cha 2800.2 katika sheria yake ya magari: ukimkimbia polisi kwa gari huku ukiendesha bila kujali maisha na mali za watu, unaweza kufungwa gerezani. Haijalishi kwamba ulisimamishwa kwa sababu ya taa mbovu. Taa ni kosa moja, na kukimbia ni jingine, zito zaidi.

Pili, majimbo mengi yamepitisha sheria inayomruhusu polisi wa jimbo jirani kuvuka mpaka akiwa bado anamfuata mtuhumiwa wa kosa kubwa papo kwa papo. Akivuka namna hiyo anakuwa na nguvu ya kukamata kama polisi wa pale pale. Kwa hiyo yule wa kwenye muvi hakuwa na sababu ya kufunga breki, labda kama mafuta yalikuwa yamemwishia.

Tatu, aliyefanikiwa kuvuka na kujificha anarudishwa. Ibara ya IV ya Katiba ya Marekani inasema mtu aliyeshtakiwa katika jimbo moja akakutwa katika jingine, atakabidhiwa kwa jimbo alikotoroka likimwomba. Nne, tangu Mei 1934 serikali kuu nayo ina sheria yake: kuvuka jimbo kwa nia ya kukwepa mashtaka ya kosa kubwa ni kosa la shirikisho zima, na hapo FBI wanaweza kuingia kazini.

Mwaka huo wa 1934 haukuja kwa bahati. Huo ndio ulikuwa wakati wa majambazi wa magari ya kasi, watu walioiba benki asubuhi katika jimbo moja na kulala jingine. John Dillinger alitoroka jela ya Crown Point, Indiana, mwezi Machi 1934 kwa gari aliloliiba, la sherifu mwenyewe! Akaliendesha hadi Illinois. Kuvusha gari la wizi mpakani lilikuwa kosa la shirikisho, na kosa hilo ndilo lililowapa FBI mlango wa kumwandama. Hebu fikiria, mtu ana mashtaka mazito hivyo, anaponzwa na gari.

Mpaka hapa naamini tuko pamoja. Mtu akiua Arusha hatupaswi kumwambia mama wa marehemu kwamba mambo yameisha kwa sababu muuaji kavuka Namanga. Sheria zinazoziba mpwa huo ni sheria nzuri na nazitetea.

Sasa tugeukie upande wa pili wa msumeno.

Mwaka 1788, mtu mweusi aitwaye John Davis, aliyekuwa huru kwa mujibu wa sheria ya Pennsylvania, alitekwa na wanaume watatu akapelekwa Virginia. Pennsylvania iliwashtaki wale watekaji. Gavana wake akaiandikia Virginia: tuleteeni watu hawa. Gavana wa Virginia akagoma. Katiba ilisema watakabidhiwa, lakini haikusema kwa utaratibu gani. Ugomvi ule ukafika kwa Rais Washington, na matokeo yake Bunge likatunga sheria ya mwaka 1793.

Someni sheria ile kwa makini, maana ndani yake kuna kila kitu. Nusu yake ilihusu watuhumiwa waliotoroka. Nusu nyingine ilihusu watumwa waliotoroka. Nusu ya kwanza ilidai karatasi: hati ya mashtaka au kiapo, kilichothibitishwa na gavana wa jimbo linaloomba. Nusu ya pili ilimruhusu anayejiita mwenye mtumwa amkamate mtu yeyote anayedai ni wake, ampeleke kwa hakimu, atoe maneno ya mdomo, basi, apewe cheti cha kuondoka naye. Baraza la wazee wa mahakama halikuhusika. Sheria iliyofuata ya mwaka 1850 ikazidisha: aliyekamatwa hakuruhusiwa hata kutoa ushahidi wake mwenyewe, na kamishna anayeamua alilipwa dola 10 akisema huyu ni mtumwa, dola 5 akisema si mtumwa.

Yaani ugomvi ulioanza kwa mtu huru kutekwa ulizaa sheria iliyorahisisha kuteka watu huru. Mpaka ulikuwa ule ule na nchi ile ile. Tofauti ilikuwa utaratibu: nani anaulizwa maswali, nani anasikilizwa, karatasi gani inatakiwa kabla mtu hajavushwa. Ndiyo maana mtu akiniambia "utaratibu ni kuchelewesha haki" huwa namuuliza: haki ya nani?

Marekani ilichukua miaka mingi kuliweka sawa jambo hili, na safari yenyewe ilikuwa na vichekesho vichungu. Mwaka 1861 Kentucky ilimtaka Willis Lago, mtu mweusi huru aliyekuwa Ohio, kwa kosa la kumsaidia msichana mtumwa kutoroka. Gavana wa Ohio akakataa. Mahakama ya Juu ikasema gavana ana wajibu wa kumtoa, lakini mahakama za shirikisho haziwezi kumlazimisha. Hukumu hiyo ikakaa zaidi ya miaka 120, mpaka ilipobatilishwa mwaka 1987 katika kesi kati ya Puerto Rico na Gavana Branstad wa Iowa. Tangu hapo gavana anaweza kulazimishwa na mahakama.

Leo katika majimbo mengi mtu aliyekamatwa kwa ombi la jimbo jingine hufikishwa mbele ya hakimu wa pale alipokamatiwa, huambiwa anatakiwa wapi na kwa kosa gani, huwa na haki ya wakili, na hupewa muda wa kupinga kukamatwa kwake. Hata yule polisi aliyevuka mpaka kwa moto hawezi kumtia mtu garini na kugeuza. Sheria inamtaka ampeleke kwanza kwa hakimu wa jimbo alimomkamatia, bila kuchelewa. Nguvu ya kuvuka amepewa, ila kwa masharti.

Najua wapo watakaosema: kama huna hatia, unakimbia nini? Swali hili nimelisikia sana, hasa bodaboda akikimbizwa na trafiki. Edward Garner alikuwa na miaka 15 alipopigwa risasi na polisi mjini Memphis mwaka 1974 akiparamia uzio. Polisi mwenyewe alikiri aliona kwamba huenda kijana hana silaha. Alikuwa na pochi na dola 10 kutoka nyumba aliyovunja. Sheria ya Tennessee wakati huo iliruhusu nguvu yoyote kumzuia anayekimbia. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ikasema hapana: polisi hawezi kumuua anayekimbia ili tu asitoroke, isipokuwa kuna sababu ya kuamini ni hatari kwa maisha ya wengine. Kukimbia ni kosa, sawa. Lakini kosa la kukimbia halina adhabu ya kifo, na polisi si hakimu.

Wala sisemi mizani hii ni rahisi. Jimbo la Washington mwaka 2021 lilibana sana makosa yanayoruhusu polisi kukimbiza gari, kwa sababu kukimbizana kunaua hata wapita njia. Wananchi na polisi wakalalamika kwamba wezi wa magari wanaondoka huku wanapunga mkono. Mwaka 2023 sheria ikalegezwa, na 2024 ikalegezwa zaidi. Wanavutana, wanabadilisha, wanajaribu tena. Lakini wanavutana hadharani, bungeni, juu ya maneno yaliyoandikwa.

Sisi je?

Kwenye karatasi tuko vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ina sheria ya kurejesha wahalifu, na Kenya inazo zake. Nchi zote mbili zina hata sheria za kuruhusu kuwafuata waliotoroka kuvuka mpaka. Zana tunazo. Swali ni kama wenye nguvu wanajisumbua kuzitumia.

Tarehe 16 Novemba 2024, Dkt. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, alitoweka akiwa Nairobi. Siku 4 baadaye akaonekana Kampala, mbele ya mahakama ya kijeshi. Hakuna hakimu wa Kenya aliyeulizwa kama mtu huyu aondoke. Hakupewa nafasi ya kusema napinga. Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu ya Uganda ilisema mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuhukumu raia, akahamishiwa mahakama ya kiraia. Sawa. Lakini swali la Nairobi limebaki pale pale: alivukaje?

Huhitaji kumpenda Besigye ili uliulize swali hili. Unaweza kuamini ana makosa yote duniani. Kama ana makosa, ombi lingeandikwa, hakimu angesoma, mtu angevuka mchana kweupe. Anayemvusha mtu usiku bila karatasi anafanya kile kile tunachomshtakia mtoro: anatumia mpaka kukwepa sheria. Tofauti ni kwamba huyu analipwa mshahara na serikali.

Kwa nini hili linatuhusu sisi tunaosubiri bumu na kupiga msuli? Mimi nasoma ualimu, na wengi wetu kwenye kitivo hiki tutasimama mbele ya darasa tukifundisha uraia. Tutamwandikia mtoto ubaoni: utawala wa sheria ni kwamba hakuna aliye juu ya sheria. Atanakili, atafaulu mtihani, na hatajua maana yake. Mimi nadhani tumpe mfano wa mpaka. Tumwambie yule anayekimbia na yule anayemkimbiza wote wawili wakifika kwenye kibao cha mpaka wanakutana na sheria ile ile. Kisha tumuulize: nani kati yao ana uwezo zaidi wa kuipuuza, na nani atamuuliza akifanya hivyo?

Chama chetu cha wanafunzi huandaa midahalo kila muhula. Ombi langu kwa viongozi: muhula ujao tuwaite wenzetu wa sheria watufafanulie hizi sheria zetu za kufuata na kurejesha wahalifu, kifungu kwa kifungu. Tujue hakimu anaingia wapi na mtu aliyekamatwa ana haki gani kabla ya kuvushwa. Ni maarifa ya saa 2 tu, na siku ndugu yako akikamatwa Namanga, Mutukula au Holili, hutakuwa na muda wa kuanza kusoma.